SAFARI YA SIKU TATU: CHALA, MARANGU NA MOSHI YA KALE



Mtu wa kijijini akisema, "Kesho nasafiri," majirani humwuliza mara moja, "Kwema? Kuna msiba? Kuna mgonjwa?" Wengi wetu husafiri kwa ajili ya msiba, harusi, ugonjwa au soko. Safari ya kwenda kutazama na kujifunza tumewaachia wageni. Kila mwaka wageni wengi kutoka nchi za mbali hupita Himo wakienda Marangu. Wanalipa fedha nyingi ili wauone mlima ambao sisi wa Holili tunauona tukifungua mlango asubuhi.

Somo hili linaeleza jinsi watu wa Holili wanavyoweza kufanya safari ya siku tatu katika vijiji vya kale vya mlima wetu. Linaeleza mambo ya kuona, historia yake, matayarisho yake na faida yake. Lisomeni pamoja darasani, kisha mjadili.

1. SAFARI YA MAPUMZIKO NI NINI?

Huko Uingereza wako watu ambao wakipata likizo huchukua nyumba ndogo yenye magurudumu. Nyumba hiyo huitwa karavani. Huifunga nyuma ya gari na kuivuta. Ndani yake mna vitanda, meza na jiko. Wakifika katika kijiji cha kale huegesha kiwanjani, hulipa ada, kisha hukaa siku kadhaa. Asubuhi huenda kwa miguu kulitazama kanisa la zamani, daraja la mawe, soko la kale na mashamba. Jioni hurudi kupika na kulala.

Watu hao hawaendi kuona maajabu makubwa. Wanakwenda kuona jinsi babu zao walivyoishi. Wenyeji nao hufaidika, maana wageni hununua mkate, maziwa na mboga, na hulipa mtu wa kuwatembeza. Kwa sababu hiyo wenyeji wana hamu ya kuyatunza majengo yao ya zamani na njia zao za miguu.

Sisi hatuna haja ya nyumba ya magurudumu. Tunao ndugu mlimani, tunayo mabasi madogo, na tunayo miguu. Mambo ya kale tunayo pia, na mengi yako karibu.

2. MISAFARA YA ZAMANI

Neno "karavani" maana yake ya kwanza ni msafara. Nchi hii yetu iliijua misafara zamani sana. Kabla ya reli na magari, misafara ya watu wa pwani ilitoka Mombasa na Pangani ikiwa na nguo, shanga na nyaya. Ilirudi na pembe za ndovu, na mara nyingine watumwa. Misafara iliyotoka Mombasa ilipita nyika kavu isiyo na maji ya kutosha. Ilipofika Taveta, kwenye msitu wa mto Lumi, ilipumzika. Hapo palikuwa na maji, ndizi, nafaka na usalama. Wapagazi walirudisha nguvu kabla ya kuendelea na safari ya kwenda mlimani au Umasaini.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alikuja kwa miguu kutoka pwani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliona weupe juu ya mlima, akatambua kwamba ni theluji. Baadaye akafika Kilema, akapokelewa na Mangi Masaki. Rebmann alipoandika habari hizo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kuziamini. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini watu wa Kilema hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wameiona maisha yao yote.

Angalieni jambo hili, ndugu wanakisomo. Vitabu vingi husema Rebmann "aligundua" theluji ya Kilimanjaro. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Kuona ni jambo moja na kuandika ni jambo jingine. Aliyeandika ndiye aliyekumbukwa. Hii ni sababu mojawapo ya sisi kujifunza kusoma na kuandika.

3. SIKU YA KWANZA: HOLILI NA ZIWA CHALA

Tuanze nyumbani. Simama Holili utazame mashariki. Mbele yako ni Taveta, nchi ya Kenya. Kwa nini mpaka uko hapa?

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi za Afrika Mashariki. Walichora mstari kutoka pwani, karibu na mto Umba, kuelekea Ziwa Viktoria. Mstari ulipofika kwetu ulipinda. Mlima Kilimanjaro ukabaki upande wa Wajerumani, na Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Watu wengi husimulia kwamba Malkia Viktoria wa Uingereza alimpa mlima mjukuu wake Mjerumani kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo inachekesha, lakini si kweli. Mlima uligawiwa kwa mapatano ya wakubwa wawili. Wenye mlima hawakuulizwa.

Mwaka 1914 wakubwa hao walianza kupigana. Mwezi Agosti askari wa Kijerumani waliiteka Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta, yakarudishwa nyuma. Tarehe 11 na 12 Machi 1916 yalipigana tena kwenye vilima viwili vya Latema na Reata, kati ya Taveta na nchi yetu. Safari hii Wajerumani waliondoka. Katika vita hiyo Waafrika wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa kubeba risasi na chakula. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, ugonjwa na uchovu. Makaburi ya askari yako Taveta yakiwa na majina yaliyochongwa juu ya mawe. Wapagazi wengi hawana kaburi linalojulikana, wala jina lao halikuandikwa popote.

Wazee wetu wanakumbuka pia kufungwa kwa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huohuo. Ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Mtu mwenye dada yake Taveta alikaa karibu miaka saba bila njia halali ya kwenda kumwona. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999. Anayetaka kuvuka apite kituo cha mpakani na hati zake za safari. Njia za panya zina hatari.

Kutoka Holili nendeni kaskazini mpaka Ziwa Chala. Ziwa hili limo katika shimo la volkeno. Nusu yake ni Tanzania na nusu ni Kenya. Ukiwa mbali hulioni. Unapanda ukingo, halafu ghafla unaona maji chini yako, yamezungukwa na kuta za mawe. Ziwa lina kina cha mita 90 hivi. Rangi ya maji hubadilika. Mara huwa ya buluu, mara ya kijani.

Mwanakisomo atauliza, "Maji haya yanatoka wapi? Mbona hatuoni mto mkubwa ukiingia?" Jibu ni hili. Mvua nyingi hunyesha kwenye msitu wa mlima Kilimanjaro. Sehemu ya maji hayo huzama, hupita chini kwa chini, kisha hutokea Chala. Kwa hiyo maji ya Chala ni maji ya mlimani. Msitu wa juu ukikatwa, tusishangae maji ya huku chini yakipungua.

Onyo: msiogelee Chala. Mamba wamewahi kuua mtu humo. Tena kuta ni kali na mawe huteleza. Watoto washikwe mkono.

4. SIKU YA PILI: MARANGU

Siku ya pili ondokeni mapema. Pitieni Himo, kisha mpande kwenda Marangu. Kila mmoja atazame dirishani na kuhesabu mabadiliko. Huku chini ni mahindi, maharage na miti ya miiba. Ukipanda kidogo unaona migomba. Ukizidi kupanda, migomba inakuwa minene, kivuli kinakuwa kingi, na hewa inakuwa baridi. Kwa mwendo mfupi wa gari umebadili nchi.

Kihamba

Shamba la nyumbani la Mchaga huitwa kihamba. Mgeni akikitazama anaweza kusema ni msitu tu. Lakini ni shamba lililopangwa vizuri. Juu kabisa ipo miti mikubwa, kama mringaringa. Chini yake ipo migomba. Chini ya migomba ipo kahawa. Chini ya kahawa yapo magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, hukatiwa majani, na samadi yao hurudi shambani. Hivyo shamba dogo limelisha watu wengi kwa miaka mingi bila udongo kuchoka.

Pembeni utaona mmea wenye majani marefu, nao ni sale. Huoneshea mpaka wa kihamba. Tena mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la sale, anaomba msamaha. Kwa desturi si vyema kukataa msamaha ulioombwa kwa sale.

Lakini kihamba kina tatizo lake. Baba aligawa kwa wanawe, nao wakagawa kwa wana wao, mpaka vipande vikawa vidogo sana. Mabinti mara nyingi waliachwa nje ya mgao kabisa. Kwa sababu ya uhaba huo vijana wengi walishuka chini kutafuta ardhi, na wengine walikwenda mijini. Kwa hiyo wengi wetu wa ukanda wa chini tuna asili ya juu. Mkifika Marangu ulizeni habari za koo zenu. Huenda mkakuta kihamba ambacho babu yenu alikiacha.

Kahawa nayo ina historia. Misheni ya Kilema, jirani na Marangu, ilianzishwa mwaka 1890. Mapadre wa huko walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda kahawa mlimani. Wakulima Waafrika walipoanza kuilima kwa wingi, walowezi hawakupenda. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kulinda kahawa yao. Mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilicho miongoni mwa vyama vya ushirika vya zamani kabisa Afrika. Mkulima mmoja hana sauti mbele ya mnunuzi. Wakulima wengi wakiwa pamoja wanasikika.

Mfongo

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote katika safari hii. Jambo hilo ni maji.

Mfongo ni mfereji wa kienyeji unaochukua maji kutoka mtoni na kuyapeleka kwenye vihamba. Mifongo ilikuwapo mlimani kabla Wazungu hawajafika, na wageni wa kwanza waliiandika kwa mshangao. Wachimbaji hawakuwa na vyombo vya kupimia wala ramani. Walitumia macho, vijiti vya kuchimbia na maji yenyewe. Walichimba kidogo, wakayaacha maji yapite, wakaangalia. Maji yakisimama, walijua mwinuko si sahihi. Yakikimbia mno, walijua mfereji utabomoka. Hivyo walizunguka vilima hatua kwa hatua.

Juu kabisa maji huzuiwa mtoni kwa mawe, magogo, majani na matope. Zuio hilo linaruhusu maji mengine yaendelee mtoni kwa ajili ya watu wa chini. Mahali pengine lipo bwawa dogo. Hujazwa usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu.

Mifongo iliongozwa kwa sheria. Ukoo uliochimba ulikuwa na haki juu ya mfongo wake. Alikuwapo mzee wa mfongo aliyegawa zamu. Siku ya kutengeneza mfongo ilitangazwa, na kila nyumba yenye zamu ilitoa mtu. Aliyekosa bila sababu alitozwa faini. Aliyeiba maji ya mwenzake alihukumiwa mbele ya wote.

Siku hizi mifongo mingi imepungua. Vijana wengi wameondoka, na siku ya kazi wanakuja wazee peke yao. Maji mengi hupotea ardhini kabla ya kufika. Mabomba yameleta maji ya kunywa karibu, na hilo ni jema, lakini bomba la kunywa halitoshi kumwagilia. Tena maji ya mito sasa yako chini ya sheria za bonde la mto Pangani, na matumizi yake yanahitaji kibali. Kikundi cha mfongo kisicho na maandishi, orodha ya wanachama wala ramani hupata shida kueleza haki yake.

Hapa ndipo mwanakisomo wa Holili anapohusika. Maji yanayozuiwa juu ndiyo yanayokosekana chini. Wa juu wakiyatumia ovyo, wa chini wanakauka. Wa chini wakikaa kimya, hawatafikiriwa. Kwa hiyo mkiwa Marangu ombeni kuonyeshwa mfongo. Ufuateni kwa miguu kutoka zuio mpaka kihamba cha mwisho. Mwulizeni mzee wa mfongo, "Babu, nani aliuchimba? Zamu hugawiwaje? Wakati wa kiangazi watu wa chini hupewa nini?" Andikeni majibu yake katika daftari.

Mashimo ya kujificha

Katika sehemu za Marangu na Kilema yako mashimo marefu yaliyochimbwa chini ya ardhi. Zamani kulikuwa na mapigano kati ya Wachaga na Wamasai, tena kati ya mangi na mangi. Adui alipokuja, kina mama, watoto na ng'ombe waliingizwa mashimoni. Mlango ulikuwa mdogo, ili adui aingie akiwa ameinama na apigwe kwanza. Wazee husimulia kwamba udongo wa kuchimba ulibebwa na kutupwa mtoni, ili adui asione kifusi akajua mahali pa shimo. Ingieni pamoja na mwenyeji anayeyafahamu. Mwenye ugonjwa wa kifua abaki nje.

Maporomoko na mlima

Karibu na Marangu Mtoni yapo maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji husimulia habari za msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Aliogopa adhabu, akaenda pale ili ajitupe. Alipofika ukingoni alibadili nia. Akageuka arudi nyumbani, lakini akakutana na chui. Kwa hofu akarudi nyuma, akaanguka. Watu wazima wanaweza kuijadili hadithi hii. Je, kama angekuwa na mtu wa kumwambia shida yake, angekwenda pale?

Juu ya Marangu lipo lango la Hifadhi ya Kilimanjaro. Kilele ni mita 5,895. Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller, mtu wa Austria, walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Hawakwenda peke yao. Walikuwa na wapagazi na waongozaji. Watu wa Marangu humkumbuka Yohana Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa walioonyesha njia, naye aliheshimiwa katika sherehe ya miaka mia moja mwaka 1989. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Vituo vya njiani vina majina ya wamangi. Mandara ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi. Horombo alikuwa mangi wa Keni, kwetu Rombo.

5. SIKU YA TATU: MOSHI YA KALE

Mji wa Moshi tunaoujua ulikua chini kwa sababu ya reli iliyotoka Tanga. Reli ilifika mwaka 1911. Kabla ya hapo, Moshi maana yake ilikuwa nchi ya mangi huko juu, ambayo sasa inaitwa Moshi ya Kale. Kutoka Himo nendeni mpaka Kiboriloni, kisha mpande kuelekea Tsuduni na Kidia.

Hapa alitawala Mangi Rindi. Alijua kuzungumza na wageni. Alipokea Waingereza, na mwaka 1885 akafanya mapatano na Wajerumani. Alikufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akatawala akiwa kijana.

Wakati huo kituo cha Wajerumani kilikuwa Marangu. Mwezi Juni 1892 kikosi chao, kikiongozwa na von Bülow, kilikwenda kumshambulia Meli. Watu wa Meli walikishinda. Von Bülow mwenyewe aliuawa. Mwezi Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa lililoongozwa na gavana wao, von Schele. Safari hii Meli alishindwa. Boma lao likajengwa katika nchi yake.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake. Jumla walikuwa watu 19. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho, na Mangi Ngalami wa Siha, pamoja na viongozi wa Meru na Arusha. Walishtakiwa kwamba walipanga kuasi. Watu wa Moshi ya Kale husimulia kwamba fitina kati ya wamangi, akiwamo Marealle wa Marangu, ilichangia mashtaka hayo. Ndiyo maana ni vyema kusikiliza wazee wa Marangu na wazee wa Moshi ya Kale. Kila upande una masimulizi yake. Mwenye kusikia upande mmoja tu hajasikia yote.

Pale Tsuduni upo mti ambao wenyeji huuonyesha kuwa ndipo waliponyongwa. Ipo pia sanamu ya Mangi Meli. Wajerumani walichukua vichwa vya watu wengi katika makoloni yao, wakavipeleka Ulaya ili vipimwe na wataalamu. Jamaa wa Meli husema kichwa chake kilichukuliwa vivyo hivyo. Mjukuu wake amekitafuta kwa miaka mingi. Kwa Mchaga, mtu ambaye hakuzikwa mzima kwa desturi bado ni deni juu ya ukoo wake.

Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza matokeo ya kupima vinasaba. Baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko yalilingana na watu walio hai mkoani Kilimanjaro. Fuvu moja lilitajwa kuwa la akida wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa limepatikana katika matokeo hayo. Fikirini juu ya jambo hili. Jamaa waliweza kupatikana kwa sababu bado walijua wao ni wa ukoo gani na babu yao alikuwa nani. Ukoo uliosahau ungeulizwa nini?

Huko Kidia alikaa mmisionari Bruno Gutmann kwa miaka mingi, mpaka alipoondoka mwaka 1938. Aliandika vitabu vikubwa juu ya sheria na desturi za Wachaga. Aliandika kwa Kijerumani. Wajukuu wa wazee aliowauliza hawawezi kuvisoma mpaka vitafsiriwe. Haya tuyaandike wenyewe, kwa lugha yetu.

6. MATAYARISHO

(a) Wakati. Epukeni masika, miezi ya Machi mpaka Mei. Njia za mlimani huteleza. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, au Januari na Februari.

(b) Fedha. Tufanye hesabu ya mfano. Wanakisomo 20 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki:

20 × 1,000 = 20,000 kwa wiki.
20,000 × 12 = 240,000 kwa wiki 12.

Kisha ulizeni bei ya gari, malazi, chakula, na malipo ya watembezaji. Jumlisheni. Fedha zikipungua, ongezeni wiki au punguzeni siku. Mchagueni mtunza fedha na mwandishi. Kila senti iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote.

(c) Malazi. Ombeni mapema kwa ndugu, shule au nyumba za wageni za misheni. Msiwatokee watu ghafla mkiwa ishirini.

(d) Vitu vya kuchukua. Sweta au blanketi, viatu visivyoteleza, dawa za wenye maradhi ya kudumu, maji ya kunywa, daftari na kalamu.

(e) Adabu. Pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Msiingie kihamba cha mtu bila kubisha hodi. Msikate jani la sale wala kukojoa karibu na mfongo. Msimpige mtu picha bila ruhusa. Mkipewa mbege, wazee wanywe kwa kiasi, maana kazi yenu ni kusikiliza. Chukueni zawadi kutoka kwetu, kama mahindi au maharage. Mgeni haendi mikono mitupu.

7. KWA NINI SASA?

Kila Desemba magari hujaa watu wanaorudi mlimani kwa sikukuu. Wanakula, wanacheka na kusalimiana. Mwezi wa Januari wanaondoka. Ni wangapi kati yao waliouliza mfongo wa nyumbani ulichimbwa na nani? Mzee wa mfongo akifa bila kuulizwa, anakwenda na mpango wa zamu, majina ya wachimbaji na mipaka ya haki ya maji. Siku ukizuka ugomvi kati ya wa juu na wa chini, hatakuwapo wa kusema ukweli, wala halitakuwapo daftari.

Kikundi chenu kikirudi, mwandishi asome maelezo darasani. Nakala moja ibaki kwenye maktaba ya kijiji, na nyingine ipelekwe kwa wazee waliowaeleza, ili wasahihishe palipokosewa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu wa kijijini husafiri mara chache kwa ajili ya kujifunza?
2. Maji ya Ziwa Chala yanatoka wapi? Msitu wa mlimani unahusianaje na maji ya Holili?
3. Taja tabaka nne za mimea katika kihamba.
4. Je, mabinti wapewe sehemu katika ardhi ya ukoo? Eleza sababu zako.
5. Mapatano ya mwaka 1886 yaliwaathirije watu wa Holili na Taveta?
6. Kwa nini watu wa Moshi ya Kale wanataka mabaki ya viongozi wao yarudishwe?

KAZI YA KUFANYA

Andika majina ya babu zako na bibi zako wote unaowajua, na mahali walipotoka. Usipojua jina, acha nafasi wazi. Kabla ya kipindi kijacho, nenda kwa mtu mzima kuliko wewe katika ukoo wako, umwulize, ujaze nafasi hizo.